Barua Pepe Zinaporudi Karatasini

Katika nyumba za askari, ziwe ni kota za polisi au nyumba za kambi ya jeshi, aghalabu halikosekani sanduku la bati. Hukaa chini ya kitanda, limetiwa kufuli, na ndani yake hamna mali ya kumtajirisha mwizi. Mna vyeti vya shule na vya ndoa, picha za harusi, kitenge kilichotunzwa kwa siku kubwa, na chini kabisa mna furushi la barua. Hizo ndizo barua alizoziandika baba alipokuwa mafunzoni, alipohamishiwa mpakani, au alipokuwa vitani. Mama huzitoa mara moja kwa mwaka akazianika kivulini zisiingie ukungu, na wajukuu wasiopata kumwona babu yao wakapata kuuona mwandiko wake.

Mwenye kuzipanga barua hizo kwa miaka yake ataona mahali zinapopungua, na mahali zinapokoma kabisa. Si kwamba askari wameacha kuandika. Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipotangulia kwenda Somalia chini ya Umoja wa Afrika, wakafuatwa na wenzao wa Burundi mwishoni mwa mwaka huo huo, maneno mengi mno yamepita kati ya Mogadishu na nyumbani. Lakini yamepita hewani, kwa simu na kwa kompyuta, na sanduku la bati halikuongezewa hata karatasi moja. Barua hizo zipo, ila zimekaa mahali pasipoonekana, nyuma ya neno la siri linalojuliwa na mtu mmoja tu. Na mtu huyo kazi yake ni ya hatari.

Jambo hili lilipata kufika mahakamani huko Marekani. Mnamo Novemba 2004 askari kijana wa kikosi cha Marine, mwenye umri wa miaka 20, aliuawa kwa bomu lililotegwa kando ya njia karibu na mji wa Fallujah, nchini Iraq. Alikuwa akiandikiana na watu wake kwa barua pepe, na baba yake alitaka kuzikusanya barua hizo ziwe kumbukumbu ya mwanawe. Akaiomba kampuni ya Yahoo, iliyokuwa ikizihifadhi. Kampuni ikakataa, ikisema kwamba imemwahidi kila mteja kutunza siri yake, na kwamba kwa masharti yake sanduku la barua halirithiwi. Mwenyewe akifa, haki yake nayo imekwisha. Yapo pia masharti yaliyosema kwamba sanduku lisilofunguliwa kwa siku 90 laweza kufutwa. Baba yule alikuwa akihesabu siku.

Mwezi wa Aprili 2005 hakimu wa mirathi katika jimbo la Michigan aliamuru kampuni itoe barua hizo, nayo ikatii. Yaliyokuwamo yalitiwa katika diski moja nyepesi, lakini yakihesabiwa kwa kurasa yalipita 10,000. Kama kila ukurasa ungepigwa chapa kwenye karatasi yake, zingehitajika rimu 20, yaani karatasi za kujaza maboksi manne ya steshenari. Hapo ndipo swali la pili linapozuka, nalo si la mahakama bali la nyumba: mzigo wa barua kama huo waweza kurudishwaje karatasini, kwa mara moja, pasipo kupotea hata neno, na pasipo kusomwa na mtu asiyehusika?

Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta, na walioulizwa kwanza walikuwa ni majeshi. Italia ilipoingia vitani mwezi wa Juni 1940, bahari ya Mediterania ilifungwa kwa meli nyingi za Waingereza, na barua za askari walioko Misri zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Barua ya mke ilimfikia mume baada ya miezi, pengine baada ya yeye mwenyewe kuhamishwa. Ndege zilikuwako, lakini zilikuwa chache, na kila ratili ya mzigo iligombaniwa. Ndipo ikachukuliwa njia iliyokuwa imekwisha kubuniwa na kampuni ya Kodak, nayo ikaitwa Airgraph.

Kazi yake ilikuwa hivi. Askari alipewa fomu, akaandika upande mmoja tu, na anwani akaiweka kwa herufi kubwa katika nafasi yake juu. Fomu ilipita kwa mkaguzi, kisha ikapelekwa kituoni, ambako mashine ilizipiga picha fomu moja baada ya moja katika filamu nyembamba ya milimita 16. Filamu ndiyo iliyopanda ndege. Ilipofika, ilipigwa chapa kwenye utepe mrefu wa karatasi ya picha, utepe ukakatwa vipande, kila kipande kikawa ni barua ya kuenea kiganjani, kikakunjwa na kutiwa katika bahasha yenye dirisha ili anwani ya askari mwenyewe ionekane. Hapakuwa na haja ya karani kuandika chochote.

Shehena ya kwanza iliondoka Cairo tarehe 21 Aprili 1941, ikafika London katikati ya Mei. Ilikuwa na barua 50,000. Kwa karatasi za kawaida zingekuwa na uzito wa robo tatu ya tani. Kwa filamu zilikuwa ratili 13, yaani kilo sita hivi, mzigo ambao mtoto wa shule angeweza kuubeba. Hata huduma hiyo ilipofungwa mwaka 1945, barua zilizopita kwa njia hiyo zilikuwa zimekaribia milioni 350.

Nairobi nayo ilikuwa na kituo chake, kwa kuwa ndiko yalikokuwa makao makuu ya Kamandi ya Afrika Mashariki, na kadi za Krismasi zilizochorwa na askari wa kamandi hiyo bado zimo mikononi mwa wakusanyaji wa stempu. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba fomu ile ilimtaka mtu ajue kalamu, ilhali askari wengi wa King's African Rifles walikuwa hawajapata kusoma. Hao waliandikiwa na wenzao. Maneno ya mume kwa mkewe yalipita kwanza katika masikio ya mwandishi, kisha katika macho ya mkaguzi, kisha katika macho ya msomaji wa kule kijijini, kabla ya kumfikia mwenyewe. Mwenye kulalamika leo kwamba mtoto wa duka la kuchapa amechungulia barua yake, na ajue kwamba bibi yake alivumilia zaidi.

Lakini lipo jambo moja ambalo watu wa Airgraph walilifanya vizuri kuliko wengi wa leo. Kila fomu ilipewa namba, na fomu yenyewe haikutupwa mpaka habari ije kwamba filamu imefika na imechapwa salama. Ndege ikianguka baharini, fomu zilipigwa picha upya zikatumwa tena. Hawakuiharibu asili kabla ya kuiona nakala.

Wamarekani wakaiga mwaka 1942, wakaiita njia yao V-mail. Hesabu yao ni maarufu: barua 150,000 za ukurasa mmoja, zilizokuwa zikijaza magunia 37, zilitoshea katika gunia moja la kilo 20. Kero yao moja haikutoka kwa adui. Wake na wachumba walikuwa wakibusu karatasi kwa midomo iliyopakwa rangi, ili alama ya busu imfikie mpenzi ng'ambo. Rangi ile iligandamana na mitambo ya kupigia picha, ikaichafua na kuwachelewesha maelfu ya wengine waliokuwa katika foleni.

Ilipokuja zama ya barua pepe, wengi walidhani karatasi imekwisha kazi. Majeshi hayakudhani hivyo. Askari aliye katika handaki hana kompyuta, na aliye katika manowari hapati mtandao kila siku. Tena barua ya karatasi hukunjwa ikatiwa katika mfuko wa shati, ikasomwa usiku kwa mwanga mdogo, ikasomwa tena kesho. Kwa hiyo posta ya jeshi la Uingereza, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiwapa askari barua za bure za karatasi nyembamba ya buluu zilizojulikana kwa jina la "bluey", ilianzisha mwanzoni mwa karne hii huduma iliyoitwa "e-bluey". Mama aliye Uingereza aliandika kwenye kompyuta. Maneno yakaruka mpaka kwenye mashine iliyowekwa katika kambi ya ng'ambo. Huko mashine ilizichapa barua zote zilizowasili, moja baada ya nyingine, na hapo hapo ikazikunja na kuzifunga kwa gundi, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe kwa nje. Askari wa posta alipokea furushi la barua zilizofungwa, wala hakuona kilichomo. Kikosi cha Marine cha Marekani nacho kilianza mwishoni mwa mwaka 2004 huduma ya namna hiyo kwa askari wake wa Iraq, iliyoitwa MotoMail, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hatakosa kulitabasamia.

Hapo ndipo ulipo uhodari wa mitambo ile. Kuchapa barua elfu kwa mpigo si ajabu. Mashine yoyote ya ofisini yaweza. Ajabu ni kuzichapa elfu kisha kila moja ikabaki barua ya mtu mmoja, imefungwa, haikuchanganyika na ya jirani, wala haikusomwa.

Huduma zile mbili sasa hazipo tena. Simu zimeenea mpaka makambini, na serikali hazikuona sababu ya kuendelea kulipia mitambo. Familia itakayo karatasi yapasa ijichapie yenyewe, nayo haina mashine ya kukunja na kufunga. Ina duka la steshenari lililo nje ya geti la kambi, lenye kompyuta moja, printa moja, na watu sita wakingojea zamu.

Basi yafaa kujua yanayotokea mtu anapotaka kuchapa barua 300 kwa mara moja.

La kwanza ni kwamba si kila programu hukubali. Katika Outlook ya kwenye kompyuta, mtu huibofya barua ya kwanza, akashikilia kitufe cha Shift, akaibofya ya mwisho, na zote za katikati zikachaguliwa. Kisha akaamuru zichapwe. Apple Mail nayo hukubali barua nyingi kwa pamoja. Lakini Gmail inapofunguliwa katika mtandao huchapa mazungumzo mamoja tu kwa wakati, na mwenye mazungumzo 300 atabofya mara 300 mpaka kidole kife ganzi. Afadhali mtu huyo atumie huduma ya Google ya kupakua nakala ya sanduku zima, kisha nakala hiyo aifungue katika programu kama Thunderbird, ambayo ina viongezo vya kugeuza barua nyingi kuwa mafaili ya PDF kwa amri moja. Kazi hii yataka jioni moja ya utulivu na mtoto wa sekondari mwenye subira.

La pili ni mtego uliowanasa wengi. Outlook huuliza: wataka kuchapa kwa mtindo gani? Ukichagua mtindo wa jedwali, utapewa orodha tu ya majina ya waandishi, vichwa vya barua na tarehe, na barua zenyewe zisionekane. Mtu huondoka dukani na kurasa chache akidhani amebeba miaka miwili ya maisha ya mumewe. Yapasa kuchagua mtindo wa waraka, ambao huchapa kila barua kwa ukamilifu, na kuianzisha katika ukurasa wake.

La tatu ni upotevu wa karatasi. Watu wanapojibizana, kila jibu hubeba ndani yake barua zote zilizotangulia. Barua ya kumi ina tisa tumboni mwake, na ya tisa ina nane. Anayechapa zote kumi huchapa maneno yale yale mara nyingi mno, na bei ya duka ni kwa kila ukurasa. Katika mazungumzo marefu ya namna hiyo mara nyingi yatosha kuchapa barua ya mwisho peke yake, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyefuta maneno ya chini. Picha na mafaili yaliyoambatishwa, kinyume chake, hayachapwi pamoja na barua isipokuwa yaagizwe. Picha ya mtoto mchanga iliyokuwa ndiyo sababu ya barua yenyewe yaweza kubaki nyuma.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo ni kichwa cha barua: nani aliandika, nani alipelekewa, siku gani na saa ngapi. Wengi wakitaka kupunguza kurasa hunakili maneno matupu na kuyabandika katika waraka mmoja. Wanapofanya hivyo huacha nje kitu ambacho hata serikali kubwa imepata kuhukumiwa kwa kukiacha. Wakati wa kashfa ya silaha za Iran na waasi wa Nicaragua, mnamo Novemba 1986, maofisa wa Ikulu ya Marekani walifuta maelfu ya barua za kompyuta, wasijue kwamba nakala zimebaki katika kanda za akiba. Zikatolewa, zikachapwa, zikawafedhehesha. Miaka miwili na ushei baadaye, ilipojulikana kwamba kanda hizo zingefutwa, watu walikwenda mahakamani. Serikali ikajitetea kwamba kuchapa barua karatasini kwatosha, na zilizomo katika kompyuta zaweza kufutwa. Mahakama ya rufani ya Washington ikakataa mwaka 1993. Ilisema kwamba karatasi zile hazikuwa sawa na barua zenyewe, kwa kuwa mara nyingi hazikuonyesha nani alizipokea na lini alizipokea.

Mjane anayedai haki, au askari anayetaka kuonyesha kwamba alileta taarifa yake kabla ya tarehe ya mwisho, yumo katika hukumu hiyo ingawa hakuwahi kuisikia. Karatasi isiyo na tarehe wala jina ni maneno tu. Na hata yenye vyote viwili haitoshi ikiwa mtu ameifuta barua ya asili baada ya kuichapa. Watu wa Cairo wa mwaka 1941 walilijua hilo.

Ipo kisha habari ya duka lenyewe. Mtu asiandike neno lake la siri katika kompyuta ya duka, hata mwenye duka awe shemeji. Mafaili ya PDF yatayarishwe nyumbani au kwa mtu anayeaminika, yatiwe katika flashi, na flashi ndiyo ipelekwe. Kazi ikiisha, mwenye duka aombwe afute mafaili yaliyobaki katika kompyuta yake, mteja akiwa amesimama hapo hapo anaona. Karatasi zilizoharibika zisiachwe katika pipa. Karatasi hizo ndizo wauza karanga hufungia. Nazo barua za kikazi, zenye kutaja vikosi, mahali, safari au majina ya wakubwa, hazina ruhusa ya kuchapwa dukani hata kidogo, wala kuchukuliwa nyumbani. Kwa hizo ziko kanuni za kazi, na askari anazijua.

Kuhusu wino, printa ya leza ni bora kuliko ya wino wa maji. Ya leza huyeyusha unga wake kwa moto ukashikamana na karatasi, na hata paa likivuja herufi hubaki. Wino mwingi wa maji huchuruzika ukawa kama machozi. Lakini karatasi za leza zisitiwe katika mifuko ya plastiki laini ya bei nafuu, maana herufi huhamia kwenye plastiki na kuacha karatasi imeparara.

Kabla ya kuamuru yote, zichapwe kurasa kumi kwanza. Zitazamwe kama tarehe zimo, kama majina yamo, kama maandishi hayakukatwa pembeni, na kama zimepangwa kuanzia barua ya zamani kuja kwenye mpya, kwa maana kompyuta hupenda kuanza na ya mwisho, na msomaji akajikuta anapewa habari za mazishi kabla ya habari za ugonjwa. Zikiwa sawa, mwenye duka aendelee.

Kisha zifungwe mwaka kwa mwaka, kwa uzi wa pamba. Mpira haufai, kwani kwa joto hulainika ukagandamana na karatasi. Pini nazo hushika kutu. Mwaka uandikwe kwa penseli juu ya kila bahasha, flashi itiwe katika bahasha yake ndogo kando, na sanduku la bati liinuliwe juu ya matofali mawili kabla ya masika.